Kurudishwa, Kurudishiwa

Shangazi hakuwahi kutundika mkoba wake. Ukutani, nyuma ya kiti chake kwenye dirisha namba mbili la ofisi ya ada, palikuwa na msumari mrefu uliopigiliwa na fundi wa chuo kwa kazi hiyo tu, na wenzake wote walitundika vyao pale: mikoba, miavuli, masweta. Yeye wake aliuweka mapajani. Alipokea fedha, akaandika stakabadhi, akagonga muhuri, akala hata chakula cha mchana, na mkoba ukabaki magotini kama mtoto anayekataa kupakatwa na mtu mwingine. Akiinuka kwenda msalani, aliinuka nao.

"Shangazi, unasafiri?" wanafunzi walimtania kupitia tundu la kioo.

"Nimepita tu," alijibu. "Nikimaliza na wewe naondoka."

Alisema hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi. Waliomcheka walihitimu, wakaoa, wakaolewa, wakaleta watoto wao kulipa ada kwenye dirisha lile lile, na hao watoto nao wakaambiwa kwamba yeye amepita tu.

Chuo kizima kilimwita Shangazi, lakini kwa damu alikuwa shangazi wa mtu mmoja: binti wa kaka yake, msichana aliyeongea kwa nadra mno hata jina lake la nyumbani likawa Kimya. Kaka mtu alipokuwa anaaga dunia aliacha vitu viwili mikononi mwa dada yake: huyo binti, na fedha za kumsomesha. "Asome, amalize," alisema, akiwa amelala ubavu kwenye kitanda cha hospitali. Hakusema asome nini. Shangazi akamwandikisha uhasibu, kwa kuwa darasa la uhasibu lilikuwa ukuta mmoja na ofisi yake.

Kimya hakuuchukia uhasibu. Angeuchukia, pengine ingekuwa rahisi zaidi. Alikaa nao kama mtu anavyokaa na mgeni wa mwenye nyumba, kwa adabu, akingoja aondoke. Alichokipenda kilikuwa mtaa wa pili, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako rafiki yake wa tangu utotoni alikuwa akioka mikate kwenye tanuri la kuazima. Rafiki huyo aliitwa Hamira, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu hasira zake nazo zilikuwa zinaumuka upesi. Kimya alikwenda kwake kila alipopata nafasi, akakanda unga mpaka viwiko vikamuuma, na huko, watu walioshuhudia wanasema, alikuwa anaongea.

Sasa, chuo kile kilikuwa na utaratibu wa kurudisha ada, na utaratibu wenyewe ulibandikwa ukutani ndani ya fremu, kwa herufi ndogo kama sisimizi, ambazo hakuna aliyezisoma hadi siku zilipomgusa. Mwanafunzi aliyejiondoa kabla ya masomo kuanza alirudishiwa ada yote isipokuwa ya usajili. Aliyejiondoa ndani ya wiki mbili za mwanzo alipata robo tatu. Hadi mwisho wa wiki ya nne, nusu. Baada ya hapo ada ilikuwa mali ya chuo, uwe umeugua, uwe umefiwa, uwe umegundua tu kwamba umepotea njia. Na ombi halikusemwa kwa mdomo. Liliandikwa kwa mkono, likaambatanishwa na stakabadhi halisi na karatasi ya maktaba inayothibitisha kwamba hudaiwi kitabu, likapokelewa dirishani, likaenda masjala.

Masjala ndiko mambo yalikoharibika. Karani wa huko alikuwa mtu wa haraka, ingawa hakuna aliyejua anawahi wapi. Alisoma kichwa cha barua, basi. Mezani pake palikuwa na trei mbili. Moja iliandikwa KURUDISHIWA, humo zikaingia barua za wanaodai fedha zao. Nyingine iliandikwa KURUDISHWA, ya wale waliofutwa au kupotea kwa muda na sasa wanaomba kupokelewa tena darasani. Kati ya trei na trei palikuwa na herufi moja. Wanafunzi wengi waliidondosha njiani, kwa kuwa mtu anayeacha chuo huandika haraka, na mkono wake hautulii.

Ndiyo maana Shangazi alikuwa na wimbo wake. Alikuwa akiisoma kila barua kabla hajaipokea.

"Unataka nini wewe, hela au darasa?"

"Hela, Shangazi."

"Mbona hapa umeandika unataka darasa? Soma. Ku-ru-di-shwa. Nani anarudishwa?"

"Mimi?"

"Wewe. Kama ng'ombe aliyekata kamba. Weka i yako hapo, mwanangu. Ku-ru-di-shi-wa. Hela ndiyo ije kwako, siyo wewe uende kwake."

Foleni nzima ingecheka, mwanafunzi angechomeka i yake kwa aibu, na Shangazi angegonga muhuri. Kwa i hiyo aliokoa fedha za watu wengi ambao hawakumkumbuka tena. Kimya alikua akiusikia wimbo huo mpaka nyumbani, pale Shangazi alipokuwa akisimulia ya siku huku anaosha vyombo.

"Na wewe, Shangazi?" alimuuliza siku moja. "Si uliwahi kusoma pale pale?"

"Muhula mmoja. Nilitaka kuwa mwalimu. Babu yako akaugua, nikajiondoa." Alisuuza kikombe, akakigeuza, akakisuuza tena. "Mimi i niliiweka. Ada ilirudi kama sheria inavyosema, ikaingia hospitalini, ikaisha kama maji kwenye mchanga. Nikarudi chuoni kuomba kazi yoyote. Wakanipa ufagio, halafu wakanipa dirisha."

"Afadhali ada ilirudi."

"Ilirudi. Mimi ndiye sikurudi."

"Mbona unarudi kila siku?"

"Narudi dirishani," Shangazi akasema, na maongezi yakaishia hapo.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa pili wa Kimya pale Hamira alipokuja mbio, unga kwenye nyusi. Kiwanda kimoja cha mikate kilikuwa kimefungwa, na tanuri lao lilikuwa linauzwa kwa bei ya kutupa. Muuzaji angesubiri hadi mwisho wa mwezi. Hamira alikuwa na nusu ya bei.

"Nusu yako iko wapi?" akauliza.

"Iko chuoni," Kimya akasema.

"Basi ikatoe. Au unataka kuhesabu hela za watu mpaka uzeeke?"

Wiki ya nne ilikuwa bado haijaisha. Kimya alipiga hesabu, na kwa mara ya kwanza masomo yake yakamfaa: nusu ya ada ingetosha sehemu yake ya tanuri. Alikwenda maktaba, akachukua karatasi yake, akaandika barua juu ya goti, kwenye ngazi. Hakuweza kumwambia Shangazi nyumbani. Maneno ya aina hiyo hayakuwa na mahali pa kukaa katika nyumba ile, kati ya picha ya marehemu baba yake ukutani na sufuria za Shangazi. Akaona afadhali dirishani. Dirishani kila mtu ana haki ya kuomba. Akapanga foleni kama wenzake.

"Jina?" Shangazi akauliza bila kuinua macho.

"Shangazi, ni mimi."

"Hapa kila anayekuja anasema ni yeye. Jina?"

Foleni ikacheka. Kimya akataja jina lake, akapitisha barua kwenye kitundu cha chini. Shangazi akainua macho.

Wiki ile miwani yake ilikuwa imekatika mkono mmoja, akawa anaishikilia puani kwa kidole. Aliisoma barua hivyo, kidole kwenye miwani, mkono mwingine juu ya mkoba. Aliisoma kwa muda mrefu. Nyuma mtu akakohoa.

"Umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Ni Hamira?"

"Ni Hamira."

"Mikate."

"Mikate, Shangazi."

Shangazi aliitazama barua tena, pale juu, kwenye kichwa. Kimya alikuwa ameshajiandaa kwa mawaidha, kwa machozi, kwa jina la baba yake. Havikuja. Muhuri ulishuka, tap, barua ikaingia kwenye kapu la masjala, na sauti ile ile ya siku zote ikasema, "Anayefuata!"

Alitoka pale mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Akamwambia Hamira mambo yameiva. Hamira akamlipa muuzaji nusu yake, akaahidi nyingine inakuja.

Wiki ya tano, jibu likafika. *Ombi lako la kurudishwa chuoni limekubaliwa. Unatakiwa kuripoti darasani mara moja.* Chini palikuwa na sahihi na muhuri, kila kitu sawasawa. Kimya, ambaye hakuwa ameondoka, alikuwa amepokelewa tena.

Alikimbia masjala.

"Sasa wewe ulitaka nini?" karani akamuuliza.

"Ada yangu."

"Barua inasema ulitaka wewe mwenyewe."

"Lakini ndani nimeeleza kila kitu!"

"Ndani mimi siingii, binti. Mimi nasoma mlangoni." Akamgeuzia barua. Pale juu, kwa mwandiko wake mwenyewe, neno lilikuwa limeandikwa bila i.

"Niandike nyingine?"

"Andika. Ila wiki ya nne imeshapita. Hiyo itakuwa ya kuondoka bure."

Alipofika nyumbani Shangazi alikuwa anapakua. Kimya alisimama mlangoni, barua mkononi, na maswali yote aliyokuja nayo njiani yakasukumana kutaka kutoka kwa pamoja. Lililopenya lilikuwa moja.

"Uliisoma barua yangu?"

"Niliisoma."

"Yote?"

Shangazi alisogeza sahani upande wa Kimya. "Miwani yangu mbovu, mwanangu," akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Na Kimya akala. Angesema nini? Mkono ulioiacha i ulikuwa wake, siyo wa Shangazi. Ukimlaumu mtu kwa kutokukusahihisha, kwanza ukiri kwamba umekosea, halafu uthibitishe kwamba aliona. La pili hakuwa na njia ya kulithibitisha. Miwani ilikuwa mbovu kweli. Aliiona kwa macho yake.

Tanuri likanunuliwa na Hamira kwa ubia na binamu yake. Hamira alinuna kwa muda, kisha hasira ikashuka kama ilivyopanda, akarudi kwenye utani.

"Yaani chuo kimekukamata kwa i?" alisema. "I ndogo hivi! Ingekuwa herufi kubwa wangekufunga jela."

Mtu atauliza kwa nini Kimya hakuondoka muhula uliofuata. Alitaka. Lakini tanuri lilikuwa na wenyewe sasa, na ada ya muhula mpya ilikuwa imeshalipwa, na kila alipoanza kulitengeneza lile neno kichwani aliona mitihani iko karibu, au Shangazi anaumwa mgongo, au picha ya baba yake imepinda ukutani na inahitaji kunyooshwa. Kuondoka kuna wiki zake. Zikipita unabaki, na ukishabaki sana, kubaki kwenyewe kunaanza kufanana na uamuzi wako. Akamaliza. Shangazi alikuja kwenye mahafali na mkoba wake mapajani, akapiga makofi akiwa ameubana kwa viwiko.

Kisha ofisi ya ada ikahitaji mtu wa dirisha namba moja. Ilikuwa kazi ya muda tu. Siku ya kwanza Kimya aliingia, akatundika mkoba wake kwenye msumari bila kuwaza. Shangazi aligeuka, akautazama ukining'inia, akafungua kinywa, halafu akamwita anayefuata.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo, na mlango wake ulikaa umefungwa saa zote za kazi kwa ajili ya usalama wa fedha. Ufunguo ulikuwa kwa mhasibu mkuu. Ukitaka kutoka uliomba. Kioo kilikuwa na tundu la kuongelea lililotobolewa chini mno, kwa hiyo kila mwanafunzi aliinama, na waliokaa ndani waliona utosi, paji la uso, kisha mdomo ukiomba. Wavivu wa kuinama walionekana vifungo vya shati tu. Kimya aliiona dunia hivyo, kwa vipande. Baada ya miaka akajisikia anasema, kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Weka i yako, mwanangu," na upande wa pili wa meza Shangazi akaacha kuandika kwa kitambo, kisha akaendelea.

Walikaa bega kwa bega namna hiyo miaka mingi. Walizungumza bei ya mkaa, mguu wa jirani, nani kaoa. Lile swali lilikaa katikati yao kama kiti cha tatu. Kuna siku Kimya aliamini kabisa kwamba Shangazi hakuona, akaona haya kwa kumshuku mwanamke aliyemlea. Kuna siku aliamini kwamba aliona, na siku hizo alimpitishia chai bila kumtazama. Aliolewa, akaachika, akarudi kwenye chumba chake cha zamani. Hamira alikuwa akileta mikate kwenye mkahawa wa chuo kila asubuhi, naye alipitia dirishani na mkate wa moto uliofungwa kwenye kitambaa, akaubana kwenye kitundu cha fedha mpaka ukafinyangwa.

"Mhasibu! Unga unakusalimu."

"Uusalimu," Kimya alijibu.

Shangazi alipostaafu walimfanyia sherehe fupi. Hamira akaoka keki. Mhasibu mkuu akatoa hotuba ya kusifu uaminifu wake, kisha wakamkabidhi zawadi: mkoba mpya wa ngozi. Shangazi alishukuru, akautazama, akauchukua ule wa zamani akautia ndani ya huo mpya, akafunga zipu. Watu wakacheka mpaka wakatoa machozi. Kimya alihamishiwa dirisha namba mbili. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mwingine, na baada ya muda mfupi hakikumsumbua tena. Hilo ndilo lililomtisha.

Mwaka huu binamu wa Hamira amehamia mji wa mbali, yeye na familia yake. Hamira alikuja dirishani mikono mitupu, akainama kwenye tundu.

"Nafasi iko wazi," akasema. "Sikubembelezi. Na mimi nina uso wangu. Nakuambia mara hii, halafu nitaacha kukusumbua."

"Mimi nina miaka arobaini na kitu, Hamira."

"Unga haujui umri. Una michango yako ya mfuko wa wafanyakazi, au nayo wameila?"

Haikuwa imeliwa. Mfanyakazi aliyeacha kazi aliweza kuiomba, kwa barua, kwa mkono, kupitia masjala. Karani wa zamani alikuwa ameshaondoka, ila trei zilikuwa zile zile, na karani mpya aliwahi kufundishwa na yule wa zamani. Kimya aliandika barua yake jikoni kabla ya kwenda kazini. Mkono haukutulia safari hii pia. Badala ya kutoka kwenda chuoni aliingia chumbani kwa Shangazi, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kuona barua ya aina hiyo ikienda masjala bila kupita machoni pa mwanamke yule.

Shangazi alifariki wiki hiyo hiyo, alasiri, kwenye kiti chake, na ni Kimya aliyeuondoa mkoba mapajani mwake. Hapakuwa na siri ndani: leso, chanuo, funguo, na nauli ya kwenda mahali fulani kwa sarafu ambazo hazitumiki tena. Lakini asubuhi ile ya barua alikuwa bado ana nguvu ya kugomba.

"Umechelewa kazini," alisema alipomwona.

"Nimekuja unisomee kitu."

"Macho yangu hayafai."

"Jaribu."

Shangazi alipapasa miwani, nzima, yenye mikono yote miwili, akaivaa. Akaifungua barua juu ya mkoba kama mtu anayeandika kwenye meza. Hakuharakisha. Alianza na kichwa, akaweka kidole chini ya lile neno, akakipeleka polepole, silabi moja baada ya nyingine, mpaka karibu na mwisho. Hapo kikasimama.

Kimya alimtazama mwanamke yule usoni, waziwazi, kama ambavyo hakuwa amemtazama tangu jioni ile ya sahani, na Shangazi naye hakuangalia pembeni. Alikuwa mzee sana. Aliikunja barua kwa mikunjo ile ile, akaipapasa kwa kiganja, akamrudishia.

"Safari hii i ipo," akasema. "Kaipeleke."